Mtu Mzima na Mafunzo ya Kazi: Nasaha kwa Ndugu zetu wa Pwani walioko Moshi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, ambaye kila mwenye ilimu ameipata kwake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu, risala hii ndogo tumeiandika kwa sababu ya neno moja tulilolisikia mara nyingi katika mji wa Moshi, nalo husemwa juu yetu sisi watu wa pwani khasa. Husemwa: "Watu wa pwani wakiitwa kwenye mafunzo ya kazi hawaji; na wakija hukaa nyuma, karibu na mlango." Wenye kulisema hulisema kwa kucheka, na wenye kusemwa hulisikia wakanyamaza. Nasi tumeona si haki kulicheka, wala si haki kulinyamazia, bali yatupasa tulipime. Je, ni kweli? Na ikiwa ni kweli, sababu yake ni nini, na dawa yake iko wapi?

Jueni kwanza kwamba hamu ya kujifunza si kama rangi ya macho, ambayo mtu huzaliwa nayo akafa nayo. Hamu ni kama moto wa jikoni. Wataka kuni, wataka pumzi, na ukimwagiwa maji huzimika. Basi anayemwona mfanyakazi hana hamu, akasema "huyu ni mvivu," na asitazame kama kuni zilikuwako au la, huyo amehukumu kabla ya kusikiliza ushahidi. Na kadhi wa namna hiyo hafai.

Sasa tuutazame mlima ulio juu ya mji wenyewe. Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895, na kileleni pumzi ni kama nusu tu ya ile tuipatayo huku pwani. Wageni wa dunia nzima huja kuupanda, na mizigo yao huchukuliwa na wapagazi, ambao wenyewe huitana wagumu. Kanuni ya hifadhi ni kwamba mpagazi asibebeshwe mzigo wa mgeni unaozidi kilo 20. Wazee wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na aliyekwisha kupanda kwa siku sita akiwa na kanda hilo kichwani ndiye ajuaye kama ni usufi au ni mawe.

Wapagazi hawa ni watu wazima, wana wake na watoto, na wengi wao waliacha skuli mapema. Je, hawapendi kujifunza? Tazama! Mwaka 2003 lilianzishwa Moshi shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, na miongoni mwa kazi zake ni kuwafundisha Kiingereza na huduma ya kwanza. Na watu hao waliochoka wakakaa madarasani. Kwa nini walikaa? Kwa sababu kila mpagazi humwona kiongozi wa safari akitangulia mbele yake njiani, naye anajua kwamba kilichowatenga wawili hao ni lugha, na maarifa ya mlima, na leseni ya hifadhi. Ameiona ngazi, na ameiona mtu aliyeipanda. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya hamu: faida iwe yaonekana kwa macho, na njia ya kuifikia iwe wazi. Mtu mzima hanunui mbuzi aliye ndani ya gunia.

Na faida si mshahara peke yake. Mpagazi aliyefundishwa anajua kwamba mwenzake akiumwa na kichwa, akatapika, khalafu akaanza kuyumba kama mlevi na kusema maneno yasiyoeleweka, hayo ni maradhi ya mlimani, na dawa yake kubwa ni kumteremsha upesi, hata ikiwa ni usiku. Asiyefundishwa humwambia, "Jikaze, ndugu yangu," na kwa neno hilo la upole akamsukuma kaburini. Basi ujinga katika kazi huweza kuwa dhulma juu ya nafsi ya mwingine, wala mwenye kuutenda hajui kwamba ametenda.

Sababu ya pili ni kuelezwa maana. Mtoto mdogo waweza kumwambia, "Hifadhi," akahifadhi. Mtu mzima hataki hivyo. Mwenyiezi Mungu ametuhadithia katika Surat al-Kahf khabari ya Nabii Musa, aliyefunga safari ndefu pamoja na kijana wake ili ajifunze kwa mja mwema aliyepewa ilimu ambayo yeye Musa hakuwa nayo. Tuzingatie mambo mawili. La kwanza, Musa alikuwa mtu mzima, na Mtume, na kiongozi wa umma wake, wala hakuona aibu kumfuata mwalimu. La pili, alishindwa kusubiri kwa kuwa aliyaona matendo, jahazi kutobolewa na ukuta kujengwa bila ya ujira, kabla ya kuelezwa siri yake. Ikiwa Mtume mtukufu alitaka kujua kwa nini, sembuse kibarua wa shamba la miwa au wa kiwanda cha kukoboa kahawa, aliyesimamishwa mbele ya mashine mpya akaambiwa tu "fanya hivi"? Msimamizi anayetaka watu wajifunze na aanze kwa kuwaambia kwa nini.

Sababu ya tatu ni wakati na riziki. Mwenye watoto nyumbani hawezi kuacha kazi akaenda kusoma huku chungu kikilala bila ya kupikwa. Wala jambo hili si la leo. Sayyidna Umar alikuwa akikaa katika vijiji vya juu vya Madina, naye ana shughuli zake, basi akapatana na jirani yake katika Ansari, huyu ateremke kwa Mtume (s.a.w.) siku moja na yule siku ya pili, na kila mmoja amletee mwenzake khabari ya yale aliyoyasikia. Tazameni hekima hii. Umar hakusema "sina nafasi," wala hakuiacha nyumba yake ikaharibika. Alifanya zamu na mwenzake. Basi nyinyi mnaofanya kazi duka moja, au gereji moja, au mlango mmoja wa hospitali, ni nini kinachowazuia msipeane zamu namna hiyo? Na matajiri wa kazi nao wachague wakati ufaao. Miezi ya masika mlimani wageni ni wachache, na mpagazi hukaa bure mjini. Darasa la wakati huo halimnyang'anyi mtu tonge lake.

Sababu ya nne ni uadilifu. Watu wakiona kwamba wanaopelekwa kwenye mafunzo ni ndugu wa msimamizi, au watu wa kijiji chake, au wa dini yake, hamu hufa katika nyoyo za wengine wote. Kadhalika mtu akifundishwa khalafu akarudi, asiruhusiwe kuitumia ilimu yake, wala asiongezewe cheo wala senti moja, wenzake humtazama wakasema, "Amepata nini huyu?" Na jawabu la suali hilo lina nguvu kuliko matangazo yote yaliyobandikwa ukutani. Mwaka 1970 Serikali ya Tanzania iliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Kilimanjaro ikawa katika wilaya sita zilizotakiwa zimalize ujinga wa kusoma na kuandika hata mwisho wa mwaka 1971. Na mwaka 1973 likatoka agizo kwamba mahali pa kazi pawe na mafunzo ya wafanyakazi. Hayo yalikuwa mambo makubwa, na watu wengi walipata kusoma kwa sababu yake. Walakini agizo huweza kuuleta mwili wa mtu darasani; moyo wake huletwa na uadilifu.

Sasa tumefika kwenye sababu ya tano, nayo inatuhusu sisi zaidi, na hapo twataka msomaji atuvumilie. Ni haya, na fakhari, na khofu juu ya dini.

Khofu hii ina asili yake. Katika miaka ya 1890 wamishionari wa Kikatoliki walikuwa Kilema na wa Kilutheri walikuwa Machame, na kwa miaka mingi mtu aliyetaka kusoma katika miteremko ile aliipata skuli pamoja na kanisa. Baba Mwislamu aliyemzuia mwanawe hakuwa akichukia ilimu. Alikuwa akiogopa apeleke mtoto arudishiwe mwingine. Na ushahidi wa maneno haya uko Tanga. Huko Wadachi walifungua skuli ya serikali katika miaka hiyo hiyo ya 1890, isiyofundisha Ukristo. Na watoto wa Kiislamu wa pwani waliingia wakasoma, wakawa makarani na maakida mpaka bara. Basi ni watu wale wale na dini ile ile. Kilichobadilika ni mlango. Anayesema kwamba Mwislamu wa pwani kwa tabia yake hapendi kujifunza, na aulizwe khabari ya Tanga.

Tena wazee wetu hawakuufikia mlima ule wakiwa wajinga. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889, katika msafara wake alikuwako Mwinyi Amani, mtu wa Pangani, aliyekaa katika kambi ya juu kabisa, kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hakuwahi kuiota. Na reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, watu wa pwani walikuja nayo na ufundi wao, na biashara zao, na khati zao. Walakini dunia haikusimama. Wenyeji wa miteremko walipanda kahawa, na mwaka 1933 wakaunda chama chao kikuu cha ushirika cha KNCU. Na chama kama hicho chataka wenye kupima, na wenye kuandika hesabu, na wenye kukagua. Mwaka 1963 kikafunguliwa Moshi Chuo cha Ushirika, kuwafundisha watu wazima wa vyama kazi yao wenyewe, na leo chuo hicho kimekuwa Chuo Kikuu cha Ushirika. Mwaka huo huo kikafunguliwa chuo cha mambo ya wanyama na hifadhi huko Mweka, mlimani. Wale waliotutegemea sisi kwa kalamu wakawa wanatupita kwa kalamu. Basi khofu ya mababu ilikuwa na hoja katika zama zake. Lakini sisi tulio leo, tunaoitwa kujifunza mashine, au hesabu, au huduma ya kwanza, na hakuna anayetaka tubadili dini, khofu hiyo tumeishika ya nini?

Hapa mwandishi wa risala hii atatoa ushahidi juu ya nafsi yake. Nalikuwa karani wa ghala katika mji wa Moshi, na jina la mahali hapo si muhimu, kwani kosa lilikuwa langu. Tajiri akaleta kompyuta ya kuandikia hesabu za ghala, akasema makarani wote tufundishwe jioni kwa wiki mbili. Mwalimu alikuwa kijana wa hirimu ya mwanangu wa tatu, na si Mwislamu. Mimi nilikuwa na miaka arubaini na saba, na vidole vyangu havikujua ile mashine. Siku ya kwanza kijana alinisahihisha mbele ya watu, kwa adabu kabisa, nami nikaona uso wangu unawaka moto. Siku ya pili nikamwambia tajiri kwamba darasa linaingiliana na Sala ya Magharibi, kwa hivyo sitaweza. Akakubali, kwa kuiheshimu dini yangu. Lakini wallahi, darasa lilikuwa likimalizika robo saa kabla ya adhana, na msikiti ulikuwa ng'ambo ya njia. Sala haikuwa sababu. Sababu ilikuwa ni fakhari yangu, nami nikaifunika kwa msala.

Mwaka uliofuata kazi ile alipewa mwingine, na mimi nikapelekwa langoni kuhesabu magunia. Hilo la mshahara nalisamehe. Lisilonitoka ni kwamba tangu siku ile, kila Mwislamu aliyeomba ruhusa ya kweli ya kwenda kusali alitazamwa kwa jicho la shaka. Nilikuwa nimeikopa heshima ya dini nikailipa kwa uwongo wangu, na waliotozwa ni wenzangu. Astaghfirullah.

Basi ndugu yangu, ukiitwa kwenye mafunzo ukaona moyo wako unarudi nyuma, keti na nafsi yako faraghani uiulize: ni kitu gani hasa kinachonirudisha? Ikiwa ni Sala, sema ni Sala, nao watakupangia wakati. Ikiwa ni Ramadhani na darasa ni la saa ya kufuturu, sema wazi. Ikiwa ni njaa ya watoto, sema ni njaa. Ikiwa ni upendeleo, simama uutaje kwa adabu. Lakini ikiwa ni haya ya kufundishwa na aliye mdogo, au na asiye wa dini yako, usiivishe haya hiyo kanzu ya dini.

Kwani dini yetu yenyewe inaikataa. Baada ya vita vya Badr, katika mwaka wa pili wa Hijra, mateka waliokuwa wakijua kuandika na hawana fidia waliambiwa wawafundishe kuandika watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi, kisha waende zao. Walimu wale walikuwa makafiri, tena maadui wa jana, na wala Mtume (s.a.w.) hakuona kwamba herufi hunajisika kwa mkono wa mwenye kuifundisha. Na mwenye kuogopa umri wake na amkumbuke Imamu al-Qaffal al-Marwazi, katika maimamu wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki mwaka 417 wa Hijra. Alikuwa fundi wa kufuli, na jina lake la al-Qaffal lina maana hiyo. Alianza kutafuta ilimu naye amekwisha kuwa mtu wa miaka thalathini, akakaa na wanafunzi wadogo kwake, hata akawa yeye ndiye wa kuulizwa.

Wala mtu asidhani kwamba ilimu ya kazi ni dunia tupu. Imamu al-Ghazali katika kitabu chake cha Ihya amezihesabu tiba na hesabu na kilimo na ufumaji kuwa katika fardhi za kifaya, yaani mji usipokuwa na mwenye kuzijua, wote wamepata dhambi. Akalalamika pia kwamba watu wa zama zake wamesongamana kwenye fikihi, na miji mingine haina tabibu Mwislamu. Nasi tujiulize: katika mitaa yetu ni wangapi wajuao kutengeneza taa za umeme, au kumfunga mtu aliyevunjika, au kukagua hesabu za chama?

Na wapo mafundi wetu wanaosema, "Sisi twajua kazi, hatuna cheti tu." Maneno haya mara nyingi ni kweli. Basi wajue kwamba VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na yenye chuo chake Moshi, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza mikononi mwa fundi mwenzake, na akionekana ajua hupewa cheti cha ujuzi wake. Utaratibu huu una hekima, kwa kuwa humwanza mtu mzima kwa kuyaheshimu yale anayoyajua kabla ya kumwonyesha asiyoyajua. Aliyeheshimiwa hivyo huona wepesi kusema, "Hili silijui, nifundisheni."

Kwenu mlio matajiri na wasimamizi, khasa mlio Waislamu: mfanyakazi ni amana. Mwelezeni maana, mpangieni wakati, chagueni kwa haki, na akirudi na ilimu mwacheni aitumie. Mkiyatenda haya manne na bado hana hamu, hapo ndipo mnaweza kumlaumu.

Na kwenu maimamu na walimu wa vyuo: tangazo la mafunzo lisomwe msikitini baada ya Sala kama linavyosomwa tangazo la maziko, kwani hilo la pili hutuambia nani amekufa, na la kwanza hutuambia nani bado anaweza kuishi vyema. Na mzee mmoja akijiandikisha mbele ya watu, vijana kumi watamfuata.

Ama neno lile la kwamba sisi hukaa nyuma karibu na mlango, jawabu lake si kugombana. Jawabu lake ni kuingia, kutoa salamu, na kukaa mstari wa mbele.

Ewe Mola wetu, tuzidishie ilimu yenye manufaa, na utuondolee kiburi kinachojificha ndani ya ibada zetu. Warehemu wazee wetu walioogopa kwa sababu ya kweli, na utusamehe sisi tulioogopa bila ya sababu. Zibariki kazi za mikono yetu, na riziki za watoto wetu, na uwalinde wote walioko juu ya mlima usiku huu na mizigo ya watu vichwani. Amin.

Wabillahi ttawfiq.